Mbuzi Niliyemtoa Kabla ya Kosa

Ndani ya kile chumba cha Embu tulikuwa watu sita, na nitawapanga kama walivyokaa. Karibu na dirisha alikaa binti yangu wa tatu, ambaye ni mama wa mtoto kwa sheria na kwa moyo. Kando yake mtoto mwenyewe, miaka minane, gauni la kanisa na soksi nyeupe. Kisha mimi, nyanya yake. Kushoto kwangu, kwenye mlango, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ambaye tangu mume wangu alale yeye ndiye mwenye neno la mwisho katika boma letu. Fimbo yake aliilaza magotini. Ng'ambo ya meza alikuwa yule mama mtaalamu anayepima watoto wenye shida ya tabia, na nyuma yake msichana wa chuo aliyekuwa anajifunza kazi, akiandika kila kitu. Majina yao yote ninayo, hata la msichana wa chuo, na la babake, kwa sababu nilimwuliza. Siyaweki hapa kwa kuwa mtoto bado anakua na kwetu watu wanajuana.

Kilichotupeleka ni meno. Mtoto alimwuma mwalimu wake wa darasa mkononi, damu ikatoka. Upepo ulikuwa umefunga mlango wa darasa kwa kishindo, na kitasa kikakwama. Watoto wengine walicheka. Wetu alipindua madawati mawili akapanda dirishani, na mwalimu alipomshika kiuno amteremshe, akaumwa.

Mwalimu mkuu alimwita binti yangu, ambaye anafanya kazi ya ofisi mjini Meru na amepanga chumba upande wa Kinoru. Katikati ya wiki mtoto hukaa na mimi huku juu ya Nkubu, Ijumaa mama yake anakuja. Siku hiyo tulienda wote wawili.

"Mama, mimi simchukii mtoto," mwalimu mkuu alisema. "Lakini nina watoto wengine. Mpelekeni asesimenti. Shule zikifunguliwa nataka kuona ripoti mezani, ama mnitafutie barua ya shule ya bweni ya watoto kama hawa."

"Bweni ya wapi?" nikauliza.

"Iliyo karibu iko mbali, shosho." Shosho ni nyanya, ndivyo wengi huniita.

Nilimwambia binti yangu njiani, na sikuzunguka: huyo mtoto haendi bweni. Ripoti tutaileta.

Na si kwamba sikuwa najua ana shida. Alikuwa anaficha chakula. Nilishawahi kupata nusu chapati ndani ya mto, na githeri ya mahindi na maharagwe iliyochacha ndani ya soksi. Na kila kitu kilichofungwa lazima akifungue. Banda la kuku, zizi la mbuzi, kabati la vyombo, hata geti la jirani. Kuku wangu wanne waliliwa na nguchiro kwa sababu aliwafungulia kabla jua halijatoka. Nilimchapa kwa ajili ya wale kuku. Hilo nalisema kwa sababu lilitokea. Jirani mmoja aliniambia mtoto amerogwa, mwingine akasema aombewe, na tukamwombea, akalala mikononi mwa mchungaji akiwa ameshika kipande cha muhogo.

Sasa lazima niseme alivyofika kwetu, kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa.

Binti yangu hakuolewa. Alipofika umri ambao watu huacha kukuuliza, alienda kwenye makao ya watoto, akajaza fomu, akaenda kortini, akaja na mtoto wa kike karibu miaka minne. Kwetu, msichana wa kwanza wa binti ambaye hajaolewa huchukua jina la mama ya binti huyo. Basi akachukua langu. Shemeji alichinja mbuzi dume. Nilipika uji wa wimbi, mtoto akanywa kwa kibuyu changu, na kila aliyekuwepo akanywa baada yake kwenye kibuyu hichohicho. Halafu shemeji akasimama akasema, "Kuanzia leo huyu ametoka katika nyumba hii. Mdomo utakaosema alitoka kwingine utaleta mbuzi hapa, na mwenye mdomo hatamla mbuzi huyo."

Hakuna aliyesema. Mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka huo wa mwalimu kuumwa. Hata sisi wenyewe, mimi na binti yangu tukiwa peke yetu tunachuma kahawa, hatukusema. Nilidhani huo ndio upendo wenyewe, na sehemu yake ilikuwa upendo kweli.

Asubuhi ya kwenda Embu nilimpaka mtoto mafuta, nikamfunga vifungo vya mgongoni, nikamwambia, "Ukaonyeshe adabu. Ukisumbua huko, tutakuacha hukohuko."

Nyanya wote wa kwetu husema hivyo. Wangu alinitishia kuniachia Wakamba sokoni, nami nikakua. Sikufikiria mara mbili. Mtoto akaniangalia tu mpaka nikamaliza vifungo.

Mle chumbani alikaa kama jiwe. Yule mama alimpa penseli, akachora nyumba. Alimpa vipande vya mbao avipange kwa rangi, akavipanga. Akaulizwa kama ana rafiki, akasema "ndiyo, mwalimu." Nikawa najivuna, Mungu anisamehe. Nilijiona nimemleta mtoto wa watu wenye heshima.

Kisha yule mama akanigeukia. "Shosho, mimba yake ilikuwaje? Kulikuwa na shida?"

Nilimwangalia shemeji. Yeye alikuwa anaangalia kichwa cha fimbo yake.

"Hakukuwa na shida," nikasema.

"Alizaliwa miezi imetimia?"

"Imetimia. Alilia mara moja."

"Uzito mnakumbuka?"

"Kilo tatu na kitu kidogo."

Hata uzito nilitengeneza. Binti yangu aligeuza uso kwa dirisha. Alipoulizwa cheti cha kuzaliwa, nikajibu mimi: tumekisahau nyumbani. Bahasha ya karatasi za korti ilikuwa ndani ya mkoba wake, pembe imechomoza, na nikausogeza mkoba kwa mguu chini ya kiti.

Ripoti ilitumwa kwa simu ya binti yangu baada ya wiki mbili. Ilikuwa Jumamosi, nachambua maharagwe jikoni, mtoto yuko nje anavuta kamba ya ndama. Binti alinisomea kwa Kizungu akinigeuzia maneno. Mtoto ana akili ya kutosha, hata zaidi. Halafu akasoma polepole: kwa kuwa mtoto amelelewa katika nyumba moja yenye utulivu tangu kuzaliwa, na hakuna msukosuko wowote uliotajwa, tabia hii haina sababu inayoonekana. Aonwe na daktari wa akili juu ya dawa. Na familia ifikirie shule ya bweni yenye walimu maalum, mapema iwezekanavyo.

"Huyu daktari amekosea," nikasema.

Binti yangu aliweka simu juu ya meza. "Hajakosea, Mami. Alipika alicholetewa."

"Kwa hivyo ni mimi."

"Ni sisi. Lakini ni wewe ulisema kilo tatu."

Niliendelea kuchambua maharagwe kwa muda, nikiweka mazuri na mabovu pamoja bila kuona. Nilikuwa nimesema uongo ili mtoto awe wetu kabisa, na uongo huo ndio sasa ulikuwa unamtoa nyumbani. Kama ni kumfungia mabegi, nilikuwa nimemfungia kwa mikono yangu. Nikamwambia binti yangu apige simu Embu aombe siku nyingine. Akasema, "Na baba mkubwa?" Nikasema hilo niachie.

Nilikuwa na mbuzi dume mmoja, mweusi mwenye doa kwenye paji. Jumapili baada ya kanisa nilimfunga kamba nikapanda naye kwa shemeji. Alikuwa ameketi nje ananyoa ndevu kwa kioo kidogo.

"Shemeji, nimeleta mbuzi."

"Wa nini? Sijasikia sherehe."

"Wa kosa."

"Kosa gani umefanya?"

"Bado sijafanya. Nitalifanya Jumanne, Embu."

Alipangusa povu la sabuni upande mmoja, upande mwingine akauacha. Alielewa. Hakuna mtu mwepesi wa kuelewa kama yule mzee. Akasimama, akamfungua mbuzi mdomo, akaangalia meno.

"Huyu ni mdogo."

"Ulisema mbuzi. Umri hukutaja."

"Mke wa ndugu yangu, wewe ulikuwa kichwa ngumu tangu siku uliyoletwa hapa."

"Ndiyo maana boma bado lina mtu."

Hakucheka. Akaniuliza, na hapo sauti yake haikuwa ya kugombana, "Ukishasema, na watu wakajua, mtoto atakuwa wa nani?"

"Ana jina langu. Nani atanivua jina nikiwa hai?"

"Mimi nililinda mtoto na ule mdomo wangu. Watoto wa kuokotwa huchekwa. Unajua walivyochekwa wale wa zamani."

"Ulimlinda, shemeji. Lakini sasa shule inataka kumpeleka mahali hakuna mimi wala wewe wala kibuyu. Wataalamu hawawezi kumpima kama tumewapa mtoto mwingine."

Alichukua kamba mkononi mwangu. Kisha akamfunga mbuzi kwenye mti wa parachichi, mafundo mawili. "Mimi sitakuja Embu. Masikio yangu yasiwepo. Jumatano nitamchinja, na hutakula."

"Kanuni naijua," nikamwambia, nikashuka.

Jumanne tulienda Embu watatu tu, mimi, binti yangu na mtoto. Yule mama aliamuru mtoto aende uwanjani na msichana wa chuo, na kabla hajatoa faili nikasema, "Mwanangu, zile habari nilizokupa si za huyu mtoto. Ni za mtoto niliyemtunga." Binti yangu alitoa bahasha akaiweka mezani.

Yule mama alisoma karatasi za korti mpaka mwisho. Sikuona hasira. Akaniuliza, "Shosho, kwa nini hukuniambia?"

"Kulikuwa na mbuzi," nikasema, na nikamweleza.

Akaegemea kiti. "Kwetu Mbeere wangekutoza fahali." Kisha akachukua ripoti ile ya kwanza akaigeuza uso chini, akavuta karatasi tupu. "Sasa niambie wewe unayojua. Yote."

Nilimwambia. Mtoto alitolewa Laare, kwenye stoo ya kufungia miraa. Mtu aliyekuwa anakaa naye, na sijui kama alikuwa mamake, alikuwa kibarua wa kufunga. Alikuwa anamwacha stoo pale penye lundo la majani ya mgomba yanayotumiwa kufunga miraa, mlango unafungwa kwa nje, anaenda kutafuta kazi kwingine. Saa ngapi, siku ngapi, hakuna anayejua. Siku moja hakurudi. Mama mmoja wa kuuza chai alisikia kitu kinakwaruza mbao kwa ndani, akadhani ni panya, kisha akadhani si panya. Niliambiwa haya yote na msimamizi wa makao, siku binti yangu alipoenda kumchukua na mimi nikaketi kwa benchi nje. Nilikuwa nimeyaweka ndani tangu siku hiyo.

Nikamtajia majina. Mama wa chai, na jina la mumewe ambalo ndilo liko kwenye kibanda. Askari aliyeandika taarifa. Dereva aliyempeleka makao. Msimamizi wa makao na msaidizi wake aliyekuwa anamwosha. Nesi aliyempima. Yule mama alikuwa anaandika mpaka akajaza ukurasa akageuza.

"Umekumbukaje yote?"

"Mtu akitajwa mbele yangu haondoki. Kusoma ndiko sikusoma."

Alimpigia msimamizi wa makao simu palepale, na kwa bahati alikuwa bado kazini, na bado ana kitabu. Tulisikia kurasa zikifunguliwa kwenye simu. Alikuwa ameandika kwamba mtoto alipoletwa alikuwa na uzito wa mtoto wa miaka miwili. Kwamba alificha mkate chini ya godoro tangu siku ya kwanza. Kwamba hakuweza kulala mlango ukifungwa, na wakawa wanauzuilia na kiatu.

Binti yangu alianza kulia bila sauti. Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiria kuku wanne, na nikamwambia yule mama nilivyomchapa kwa ajili yao.

Yule mama akaweka simu chini. "Huyu mtoto si mjeuri," akasema. "Anaogopa kufungiwa na anaogopa njaa. Na nyinyi, bila kujua, mmekuwa mkimchapa kwa sababu ya kuogopa."

"Na mara ya kwanza hapa," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimeanza na sikutaka kubakisha, "nilimwambia akisumbua tutamwacha."

Aliandika hilo pia. Kisha akauliza kama mtoto mwenyewe anajua alikotoka. Tukasema hajui. Akasema ni lazima ajue, na ajue kutoka kwetu kabla hajajua shuleni, na hakuna siku nzuri ya jambo hilo kuliko ya leo.

Kulikuwa na benchi nje chini ya ukuta. Nilikuwa nimebeba nduma, yaani magimbi, za kuchemsha na chai kwenye chupa. Nilimweka mtoto katikati yangu na mama yake. Nimezika mume, nimesimama mbele ya watu wengi, lakini maneno hayo yalikuwa mazito kuliko ya kaburini.

"Mama yako hakukuzaa," nikamwambia. "Alikutafuta. Alizunguka akikutafuta mpaka akakupata, na akaapa mbele ya jaji kwamba wewe ni wake. Kabla ya hapo ulikuwa—"

"Najua," mtoto akasema. Alikuwa anamenya nduma. "Nilikuwa kwa majani."

Binti yangu akauliza, "Unakumbuka?"

"Mlango ulikuwa na waya." Akala kidogo. "Lakini guka alisema tusiseme." Guka ni babu, ndivyo anavyomwita shemeji. Alikuwa na karibu miaka minne siku ya kibuyu, na sisi wote tulidhani anaangalia mbuzi. Alikuwa amesikia kanuni akaishika kuliko sisi. Miaka yote hiyo alikuwa ameibeba stoo peke yake tusije tukatozwa mbuzi.

Kisha akaniangalia akiwa na wasiwasi. "Shosho, sasa utatoa mbuzi."

"Nimeshatoa."

"Yule wa doa?"

"Yule wa doa."

Alifikiri. "Na mimi nimesema pia. Mimi sina mbuzi."

"Wa doa ni wetu sote wawili," nikasema. "Una jina langu. Anatosha." Akaikubali hesabu hiyo, akaomba nduma nyingine, na nilimwona akiitia mfukoni, nikanyamaza.

Ripoti ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Ilisema asihamishwe nyumbani, kwamba kumpeleka bweni kungemrudisha palepale alipotolewa. Ilisema akae karibu na mlango, na mlango uwe wazi. Awe na mkebe wake wa chakula, usiguswe na mtu, usiwe mtupu. Asichapwe. Na kila Ijumaa aonane na mshauri wa watoto mjini Meru.

Nilienda shuleni mwenyewe nikiwa nimeivaa ile ripoti ndani ya blauzi. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. Akamwita mwalimu wa darasa, yule wa meno, naye akaisoma amesimama. Alama ilikuwa bado mkononi mwake.

"Nitamkalisha mlangoni," mwalimu wa darasa akasema. "Lakini shosho, akiniuma tena, na mimi nitamwuma."

"Mwume," nikamwambia. "Lakini usimfungie."

Mwalimu mkuu akasema, "Muhula mmoja. Tutaona."

Ule muhula uliisha, na huu sasa ni wa pili. Hajamwuma mtu shuleni. Nyumbani alimwuma binamu yake mara moja, kwa sababu ya mchezo wa kujificha ndani ya gunia, na binamu naye alistahili kidogo. Mkebe wake ni wa bluu, anauhesabu kabla ya kulala. Chini ya mto bado napata vitu, lakini ni vikavu, mahindi na njugu, haweki tena vya kuoza. Juzi aliwafungulia mbuzi wa jirani, tukawakimbiza sisi wawili mpaka kwenye migomba ya kanisa, mimi na magoti haya. Sikumchapa. Nilimwuliza kwa nini, akasema mmoja alikuwa analia. Kweli alikuwa analia, tulimkuta ana mwiba.

Ijumaa tunashuka Meru. Mshauri anasema ni kazi ya miaka. Nikamwambia miaka nitaitafuta.

Shemeji alimchinja yule mbuzi Jumatano ile kama alivyosema. Mtoto alikula maini. Mimi nilikaa upande wangu na uji, na hakuna aliyenisukumia nyama, na sikuitamani.

Sasa ninyi mliokuwepo, nawaomba. Mliokunywa uji kwenye kibuyu, na wa Laare kama haya yatawafikia. Nimesema ni waya kwa sababu mtoto anasema waya, lakini kitabu cha makao kinasema kamba. Nimesema mama wa chai alisikia mkwaruzo asubuhi ama sikutaja, sikumbuki kama niliambiwa ni asubuhi. Na huenda katika siku ya jina nimemwacha mtu nje, au nimeweka maneno kwa mdomo wa shemeji yaliyotoka kwa mwingine. Kama nimekosea, njooni mniambie, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Msinionee haya kwa sababu ya uzee. Niliwahi kutoa habari nzuri zisizo za kweli na zikaandikwa, na nusura zimtoe mtoto kwangu. Yule mama wa Embu ameacha nafasi kwenye karatasi, marekebisho yaingie.